UZI: Injini haiwaki kwenye simyuleta ya ndege? Isikilize kwanza kabla hujabonyeza chochote

RubaniMezani

Wakuu, salaam.

Swali hili haliishi: "Nimefuata hatua zote, injini haiwaki, nifanyeje?" Na jibu lake haliishi vilevile: bonyeza Ctrl na E, itajiwasha. Kwenye Microsoft Flight Simulator vitufe hivyo vinawasha ndege nyingi, sikatai. Ila havikwambii ugonjwa ulikuwa nini, na ugonjwa usiotibiwa utakufuata. Unaondoa breki, unaanza kutembea kuelekea barabara ya kurukia, mara injini kimya.

Mimi nilihangaika jioni tatu na Cessna 172. Orodha ya hatua za kuwashia naisoma neno kwa neno. Stata inalia, propela inazunguka, injini inakohoa mara mbili, basi. Jioni ya tatu nikaacha kutazama saa za dashibodi, nikashusha kamera hadi kwenye kile kirungu chekundu cha miksha, kinachopanga uwiano wa mafuta na hewa, nikakisukuma ndani kwa kipanya. Kikaingia. Nikaondoa kidole. Kikarudi nje chenyewe, taratibu, kama kuna mtu anakivuta kwa upande wa pili. Kumbe kwenye kifaa changu cha mezani kulikuwa na wenzo wa tatu ambao sikuwa nautumia, umelala chini kabisa, na programu ilikuwa imeshaupa kazi ya miksha. Kila nilichokifanya kwa kipanya, wenzo ule ulikuwa unakifuta.

Kwa hiyo kabla ya yote, tazama kirungu kilichomo ndani ya ndege, usitazame mkono wako. Kama kwenye skrini hakikai pale ulipokiweka, acha kusoma orodha ya kuwashia na uende kwenye mipangilio ya vifaa. Tafuta kazi ya miksha uone imepewa vifaa vingapi. Mara nyingi utakuta viwili: joistiki na wenzo wa nguvu, au pedali za miguu zilizopewa mhimili usio wao. Bakiza kimoja, vingine futa. Kisha hakikisha hakijageuzwa kichwa chini, maana kuna vifaa ambavyo mtu akisukuma mbele, ndege inaelewa amevuta nyuma.

Hilo likiwa sawa, sikiliza injini. Inaugua kwa namna tatu, na kila moja ina dawa yake.

Ya kwanza, haizunguki kabisa. Unapiga stata, propela haitikisiki. Hapo usiguse mafuta, mafuta hayahusiki bado. Ni umeme. Kwenye 172 swichi kuu nyekundu imegawanyika mara mbili, upande mmoja betri na mwingine altaneta. Kuna watu wanawasha nusu moja wakidhani wamewasha zote. Angalia volti. Betri ya 172S ni ya volti 24, na ikiwa umekaa muda mrefu unasoma orodha huku redio na skrini zote zinawaka, betri imelala. Orodha inakutaka uzime vifaa vya mawasiliano kabla ya kuwasha injini, na kuiokoa betri ni sababu mojawapo. Jambo jingine ni ufunguo: nafasi ya START ina springi, inataka kushikiliwa. Ukibofya mara moja na kuachia, stata inazunguka nusu sekunde tu.

Ya pili, inazunguka lakini haishiki. Hapa kuna mambo mawili, mafuta hayafiki au cheche haipo. Chaguo la tangi liwe BOTH (yote mawili). Kirungu cha kukata mafuta kiwe kimesukumwa ndani. Matangi yawe na kitu, maana ukipakia safari uliyohifadhi zamani unaweza kukuta tangi ni kavu. Kisha magneto, zile zinazozalisha cheche. Kwenye simyuleta ya FlightGear wengi wanakwama hapa: wanabonyeza s kwa ajili ya stata, kumbe magneto bado ziko OFF. Bonyeza } mara tatu ufike BOTH, halafu ndiyo ushikilie s.

Ya tatu, inashika halafu inazima baada ya sekunde mbili tatu. Hii ndiyo inayowaliza wengi, na karibu kila mara ni miksha. 172S inadungiwa mafuta, haina karbureta, na utaratibu wake unamshangaza mtu aliyezoea gari. Throto, kirungu cha nguvu, unaifungua kidogo tu, kama milimita sita. Miksha umeivuta nje kabisa. Unawasha pampu ya umeme, unasukuma miksha ndani mpaka sindano ya mtiririko wa mafuta itulie, sekunde tatu hadi tano, kisha unaivuta nje tena na kuzima pampu. Sasa unapiga stata huku miksha IKO NJE. Injini inashika kwa yale mafuta uliyoyatanguliza tu, na ni machache. Ikishika unaisukuma miksha ndani kwa mkono laini. Ukichelewa, mafuta yale yanaisha na injini inakufa. Basi si kwamba imegoma, imekula ulichoipa ikamaliza.

Ikishakaa sawa, macho kwenye presha ya oili. Ndani ya sekunde 30 iwe imepanda. Haijapanda? Zima.

Karibuni na kesi zenu. Andikeni ndege gani, simyuleta gani, na injini inafanya namna gani kati ya hizo tatu. "Haiwaki" peke yake haitupi pa kuanzia.

Kipanga_21

Mkuu, hii ni nondo. Swali langu: mimi natumia 172 ile ya saa za mviringo, ya zamani. Nimefuata utaratibu huo wa miksha nje, haishiki kabisa. Nikiacha miksha ndani tangu mwanzo inashika. Nakosea wapi?

RubaniMezani

Hukosei popote, mkuu. Hiyo yako ina karbureta. Cessna walisimamisha kutengeneza 172 mwaka 1986, wakarudi mwaka 1996, na zilizorudi ndizo za kudungia mafuta. Zile za kabla yake miksha inakuwa ndani kabisa tangu mwanzo, na mafuta ya kutangulizia unayapiga kwa pampu ndogo ya mkono iliyo kwenye dashibodi. Ukimaliza uisukume ndani na kuifunga. Ikibaki wazi injini inaendelea kunyonya mafuta kupitia hapo na itaunguruma vibaya.

Ndiyo maana nasisitiza kutaja ndege kwa ukamilifu. "172" ni jina la familia, na ndani ya familia kuna injini mbili zinazotaka mambo yanayopingana.

Niongeze hili: ndege zinazokuja na simyuleta zenyewe nyingi zinasamehe. Hata ya kudungia ukiiwasha na miksha ndani, inawaka. Siku ukipakia iliyotengenezwa kwa undani, ile inayokumbuka kuchakaa kwa plagi na betri kutoka safari hadi safari, ndipo utajua kama ulijifunza utaratibu au ulibahatisha.

Kipanga_21

Imeshika mara ya kwanza. Shukrani sana mkuu.

Nyota_Kaskazini

Naomba nitofautiane kidogo na mleta uzi, kwa heshima. Si kila mtu anataka kuwa fundi. Mtu ametoka kazini amechoka, ana saa moja, anataka kuruka na kuona mawingu. Ctrl na E imewekwa kwa ajili yake. Na simyuleta zote kubwa zinakuruhusu kuanza injini ikiwa tayari inanguruma. X-Plane ina kisanduku cha kuweka alama tu pale unapochagua ndege. Sioni ubaya.

RubaniMezani

Sina ubishi na hilo, mkuu. Anayetaka kuanza na injini inayonguruma aanze hivyo. Ninayemwandikia hapa ni yule aliyekaa kuiwasha mwenyewe na ikamshinda, kisha akaambiwa aruke hatua. Tena hata njia hiyo ya mkato ina kasoro: kama kifaa chako kinavuta miksha nje, injini itapakiwa inanguruma na itazima papo hapo, hata hujagusa kitu. Wengi wakiona hivyo wanadhani programu imeharibika na wanaanza kuifuta na kuipakua upya. Masaa kadhaa yanapotea kwa sababu ya wenzo mmoja.

Nyota_Kaskazini

Hapo nimekuelewa. Hilo la kuzima papo hapo limenikuta, na nilipakua upya kweli.

MbawaMbili

Wakuu, naona mmejikita kwenye ndege ndogo. Niwasemee watu wa majeti, maana zile namna tatu zipo na huku, ila umeme peke yake hautoshi. Jeti kubwa inazungushwa na hewa. Hakuna hewa, hakuna kuwasha.

Kwenye Airbus A320 kesi ninayokutana nayo zaidi ni hii: mtu amewasha betri, amewasha APU (injini ndogo ya mkiani inayotoa umeme na hewa), ameona AVAIL ya kijani, ameinua swichi ya injini namba mbili, kimya. Nikimwuliza APU BLEED iko wapi, ananijibu "ndiyo ipi hiyo?" APU kuwaka ni jambo moja, hewa yake kufunguliwa kwenda kwenye injini ni jambo jingine. Kibonye kile kibonyezwe. Cha pili kinachosahaulika ni kile cha kuzungusha katikati ya swichi za injini: kiwe IGN/START. Kikiwa NORM, ukiinua swichi kompyuta ya injini haianzishi chochote, na iko sahihi, kwa sababu hujaiambia unataka kuwasha.

Na betri zenyewe zitazame kabla ya APU. Kwenye A320 ikisoma chini ya volti 25.5, unganisha umeme wa nje zichajiwe kwanza.

Wanaouliza kwa nini tunaanza na namba mbili: mfumo wa hidroliki wa njano, ule unaolisha breki ya kuegesha, unaendeshwa na injini hiyo.

Boeing 737 inataka mkono zaidi, na hapo ndipo vifaa vya mezani vinapoleta balaa. Viyoyozi, zile swichi za PACK, vizimwe ili hewa yote iende kwenye stata. Kwenye Airbus vinajifunga vyenyewe. Swichi ya kuwasha unaiweka GRD, unasubiri N2, kasi ya mzunguko wa ndani wa injini, ipande. Ikifika asilimia 25, ndipo unainua wenzo wa mafuta. Mwenye wenzo halisi mezani ambao tayari uko juu tangu jana anamwaga mafuta kwenye injini inayozunguka polepole, joto linaruka, na ndege iliyotengenezwa vizuri itakuchomea injini. Kabla ya kupakia ndege, shusha wenzo zote za mafuta. Stata itajiachia yenyewe karibu na asilimia 56. Isipojiachia, irudishe OFF mwenyewe.

MamaAnga

Naongeza kidogo kwenye ndege zisizo na miksha, maana kuna watu wanatafuta kirungu ambacho hakipo.

Diamond DA40 NG na DA62 zinatumia dizeli. Hakuna miksha, hakuna magneto. Unawasha swichi ya injini, unasubiri taa ya GLOW izime, ndiyo unapiga stata. Watu hawasubiri taa. Ni plagi za kupashia moto, kama za gari la dizeli.

Ndege nyepesi zenye injini ya Rotax 912 zina choki. Choki hiyo haifanyi kazi throto ikiwa imefunguliwa. Kwenye baridi mtu anavuta choki, halafu kwa mazoea ya Cessna anasukuma throto kidogo mbele, na hapo choki ameshaiua. Throto nyuma kabisa, choki nje, stata. Ikishika, rudisha choki taratibu.

Cessna Caravan na wenzake wenye injini ya tabopropu ya PT6 wana wenzo wa kondisheni, unaofungua na kukata mafuta. Stata kwanza, Ng (kasi ya mzunguko wa injini) ifike asilimia 12 na zaidi, ndiyo uachie mafuta. Kwenye simyuleta wenzo huo mara nyingi umefungwa kwenye mhimili ule ule wa miksha, kwa hiyo ile kesi ya kirungu kurudi nyuma chenyewe inakupata na huku, ila huku inakuja kwa sura ya joto. Ng bado iko asilimia tano, kifaa chako kimeshafungua mafuta, sindano ya ITT (joto la ndani ya injini) inapanda kama imerushwa. Ukiiona inakimbilia kikomo, kata mafuta, acha stata iendelee kuzungusha ipoze. Usizime vyote kwa hofu.

RubaniMezani

Dada, hiyo ya choki sikuifahamu. Asante.

Tiara_Juu

Wakuu, heshima kwenu. Nimesoma uzi wote kabla ya kuuliza. Naomba msaada.

Ndege ni 172S ya skrini. Miksha nimeiangalia, inakaa nilipoiweka, kifaa ni kimoja tu. Chaguo la tangi BOTH, mafuta yapo nusu kila upande. Betri nzuri. Injini INASHIKA, tena kwa nguvu. Ila nikiachia tu, inazima. Nimerudia mara nyingi. Nimejaribu kusukuma miksha haraka, nimejaribu polepole. Uwanja uko karibu usawa wa bahari.

Kipanga_21

Mkuu, umelowesha plagi. Ukirudia rudia hivyo mafuta yanajaa. Dawa yake: miksha nje kabisa, throto fungua nusu au zaidi, piga stata, ikishika rudisha throto haraka na usukume miksha ndani.

MbawaMbili

Na uipumzishe stata. 172S inakubali sekunde 10 za kuzungusha, 20 za kupumzika, na baada ya mizunguko mitatu inataka dakika 10. Kuna ndege za simyuleta zinazohesabu hilo.

Tiara_Juu

Nimefanya utaratibu wa plagi kulowa. Imeshika vizuri zaidi. Nimeachia, imezima.

RubaniMezani

Ngoja. Mara mbili umeandika "nikiachia". Unaachia nini?

Tiara_Juu

Kitufe cha stata. Nimekiweka kwenye joistiki. Nikikishikilia injini inanguruma hata sekunde kumi, nasikia kabisa inajiendesha. Nikikiachia inakufa saa hiyo hiyo. Haikohoi, inakatika tu.

RubaniMezani

Basi tuache mafuta. Injini inayokosa mafuta inakufa kwa kudhoofika: inashuka, inakohoa, inajaribu tena. Inayokatika kama mtu amezima taa imenyimwa cheche. Ufunguo ukiwa START magneto zinafanya kazi, ndiyo maana inanguruma ukiwa umeshikilia. Ukiachia, ufunguo unapaswa kurudi BOTH. Wako nahisi unarudi kwingine.

Fanya hivi: weka kamera kwenye ufunguo wenyewe, usogeze karibu mpaka herufi zisomeke. Shikilia kitufe, kisha achia huku unautazama ufunguo, usitazame propela. Unasimama wapi?

Na swali jingine: mezani kwako kuna kifaa chochote chenye swichi ya kuzungusha, hata kama hukitumii?

Tiara_Juu

Ninacho kibao cha swichi, nilikiunganisha mwezi uliopita. Taa, betri, na kina ufunguo wa kuzungusha. Sijawahi kuugusa kwa sababu natumia joistiki. Uko OFF.

Nimeangalia ufunguo wa kwenye skrini kama ulivyosema. Nikiachia unapita BOTH, unapita L, unapita R, unaishia OFF. Unarudi haraka sana, nisingeuona bila kusogeza kamera.

RubaniMezani

Ndiyo huo. Kibao chako kinasema OFF muda wote, na wewe ukiachia kitufe, kauli ya kibao ndiyo inayobaki. Zungusha ufunguo wa kibao uuweke BOTH kabla ya kuwasha. Kama programu haijautambua, uzungushe hadi OFF na urudishe tena BOTH, maana vifaa vingi vinatuma habari pale swichi inapobadilika tu. Ndege ikipakiwa wakati swichi imeshakaa, simyuleta haijui iko wapi. Au ukipenda, fungua mipangilio ya kibao na ufute kazi ya ufunguo, ubaki na joistiki. Chagua kimoja.

MamaAnga

Na kwa wengine mnaosoma wenye swichi za injini za Airbus mezani, hilo la kuzungusha na kurudisha linawahusu sana. Unapakia ndege iliyozimwa huku swichi yako iko juu tangu safari ya jana. Ishushe, kisha uiinue wakati wake ukifika.

Kipanga_21

Mimi na plagi zangu nilikuwa mbali kabisa. Hiyo tofauti ya kukohoa na kukatika nimeiandika pembeni.

Upepo_wa_Jioni

Samahani kwa kuingilia kati. Mimi inawaka vizuri viwanja vya chini, ila nikianzia El Alto kule Bolivia inashika, inatetemeka, inazima. Ndege ile ile, vifaa vile vile, 172 ya karbureta.

RubaniMezani

El Alto iko zaidi ya mita 4,000 juu ya bahari, mkuu. Hewa ni nyepesi, na wewe unaipa mafuta ya uwanja wa chini. Ikishashika, vuta miksha nje kidogo kidogo mpaka mngurumo ulainike na RPM ipande, uache hapo. Usiirudishe ndani yote kwa mazoea ya orodha.

Upepo_wa_Jioni

Nimeivuta karibu nusu. Imetulia kabisa.

Tiara_Juu

Wakuu, nimerudi. Nimefuta kazi ya stata kwenye joistiki, nimeamua kutumia ufunguo wa kibao wenyewe. Nikatanguliza mafuta, sindano ikatulia, miksha nje, nikazungusha ufunguo kwa mkono hadi START. Imeshika. Nikaachia, ufunguo ukarudi BOTH mezani na kwenye skrini kwa pamoja. Miksha ndani. Inanguruma. Presha ya oili ilipanda kabla sijahesabu kumi.

Nimefika mpaka kupima magneto, sijawahi kufika hatua hiyo. RPM 1800: kulia imeshuka 90, kushoto 70. Ni sawa?

RubaniMezani

Kikomo ni kushuka 150, na tofauti kati ya mbili isizidi 50. Yako ni 20. Ni sawa kabisa. Rudisha BOTH, throto nyuma, uombe ruhusa ya kwenda barabarani.